Shanta, saa na jua la Pen y Fan

*Makomando wa Uingereza huchujwa kwa mwendo mrefu wa miguu milimani, mzigo ukiwa mgongoni. Wanaojiandaa hutembea mamia ya kilomita kabla ya siku ya mtihani. Lakini mtu akishajifunza kutosimama, nani mwenye wajibu wa kumsimamisha?*

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 2013 joto lilifika nyuzi 27 hivi kusini mwa Wales. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga hilo ni joto la asubuhi. Kwa milima ya Brecon Beacons, iliyozoea mvua na ukungu, lilikuwa jua kali, na kule juu hakuna mti wa kujikinga. Ni nyasi, mawe na mteremko mtupu.

Siku hiyo makumi ya wanajeshi, wa kudumu na wa akiba, walitoka kufanya mtihani wa mwendo wa kilomita 26. Kila mmoja alikuwa na bunduki na shanta la kilo 22 hivi. Muda waliopewa ulikuwa saa 8 na dakika 48. Waliokuwa wakiutafuta ni ule mlango mwembamba wa SAS, kikosi maalumu cha Jeshi la Uingereza.

Craig Roberts, mwenye umri wa miaka 24, na Edward Maher, wa miaka 31, walifariki mlimani siku hiyohiyo. James Dunsby, naye wa miaka 31, alipelekwa hospitalini Birmingham na kufariki tarehe 30 Julai. Wote watatu walikuwa wanajeshi wa akiba, watu wenye maisha yao ya kiraia.

Kila mshiriki alibeba kifaa cha kuonyesha mahali alipo. Kwenye skrini ya wasimamizi, alama ya mtu aliyekuwa akisogea ilitulia mahali pamoja. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba muda mrefu ulipita kabla ya mtu kwenda kumtazama.

Makala haya yanahusu imani iliyowafikisha vijana hao pale: kwamba mwendo mrefu wa miguu, mtu akiwa peke yake na mzigo wake, ndio kipimo bora cha askari wa kikosi maalumu. Imani hiyo ina sababu zake, na baadhi ni nzito. Ila ina tundu moja kubwa, na jeshi lilikwisha kuliona miongo mitatu kabla ya siku ile.

Jangwani, msituni, kisha Wales

SAS ilizaliwa Misri. Julai 1941 afisa kijana, David Stirling, alipata ruhusa ya kuunda kikosi kidogo cha kushambulia viwanja vya ndege vya Wajerumani na Waitalia nyuma ya mstari wa vita. Katika kambi ya Kabrit, karibu na Mfereji wa Suez, mafunzo yalikuwa mikononi mwa Jock Lewes. Aliwatembeza askari jangwani usiku, kila mara mbali zaidi, mizigo ikiongezwa na maji yakipimwa.

Shambulio la kwanza, la kuruka kwa miamvuli Novemba mwaka huo, liliharibika vibaya. Chini ya nusu ya waliokwenda ndio waliorudi, nao walirudi kwa kutembea jangwani hadi mahali malori ya doria yalipokuwa yakiwasubiri. Yale matembezi ya Kabrit yalikuwa yamewaokoa.

Vita vilipokwisha kikosi kikavunjwa. Kikafufuliwa Malaya mwaka 1950 na Mike Calvert kupigana na waasi wa msituni, lakini kwa haraka ile kiliokota watu wa kila namna, wakiwamo walevi na wakorofi ambao vikosi vingine vilifurahi kuwaachia waende. Mwaka 1952 Meja John Woodhouse alirudi Uingereza kuweka mchujo wa kweli. Akachagua milima ya Wales.

Mtindo huo ukavuka bahari. Charles Beckwith wa Jeshi la Marekani alitumikia pamoja na SAS mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipoanzisha kikosi maalumu cha Delta Force mwaka 1977, kilele cha mchujo wake kikawa mwendo mmoja wa takriban kilomita 64, mtu na ramani yake.

Kuna wanaouliza kwa nini jeshi lenye helikopta na droni bado linapima miguu. Jibu liko kwenye vita vya Falklands. Tarehe 25 Mei 1982 meli ya Atlantic Conveyor ilipigwa kwa makombora, na helikopta kubwa zilizotarajiwa kuwabeba askari zikateketea nayo isipokuwa moja. Makomando wa majini wakavuka kisiwa kwa miguu: takriban kilomita 90 kwa siku tatu, mgongoni kilo 36 hivi, kwenye tope na baridi.

Jibu liko Iraq pia. Mwaka 1991 doria ya SAS ya watu wanane iligunduliwa jangwani. Wanne walitekwa. Watatu walikufa, wawili kati yao kwa baridi. Mmoja, anayejulikana kwa jina la uandishi la Chris Ryan, alitembea karibu kilomita 300 hadi Syria. Hakuna mwalimu wa darasani ambaye angeweza kumwandaa kwa safari ile.

Kilomita 24, saa nne

Pen y Fan, kilele cha juu kuliko vyote kusini mwa Wales, kina mita 886 tu. Mtu wa Moshi au Nyeri angekiita kilima. Vilima vya Ngong, ambako wakazi wa Nairobi huenda kupunga upepo, vimekipita zaidi ya mara mbili.

Ugumu wa Wales uko kwingine. Ni tope linaloshika buti kila hatua, ukungu unaofuta njia ndani ya dakika chache, na mvua ya upepo inayopenya koti hadi mwilini. Mtu anaweza kuondoka kwenye jua na kufika kileleni akitetemeka.

Mtihani unaojulikana zaidi, ambao askari wameupa jina la Fan Dance, huanzia Storey Arms kando ya barabara kuu. Mshiriki hupanda hadi kileleni, hushuka upande wa pili, hufuata barabara ya kale ya Warumi hadi Torpantau, kisha hugeuka na kuurudia mlima uleule. Jumla ni kilomita 24 hivi, na muda ni kama saa nne.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima bado wanaitumia: kilomita 5 kwa saa, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kanuni hiyo, kilomita 24 kwenye uwanja tambarare zingehitaji karibu saa tano. Mshiriki anatakiwa azimalize kwa saa nne akiwa amevuka mlima mara mbili, akiwa na shanta na bunduki. Anapoteremka anakimbia. Hana namna nyingine.

> *Hapongezwi wala hafokewi. Anaonyeshwa tu kwenye ramani kituo kinachofuata, kisha anaachwa aende.*

Na huo ni mwanzo tu. Baada ya wiki za milimani, huku umbali na uzito vikipanda siku hadi siku, kuna mwendo wa mwisho: takriban kilomita 64, shanta la kilo 25 hivi ukiacha bunduki, chakula na maji, kwa saa 20. Barabara haziruhusiwi.

Wanaoujua mchujo huu husema uzito wa shanta si kitu mbele ya ukimya. Hapa hakuna sajini wa kupiga kelele wala wa kumwimbia mshiriki nyimbo za mchakamchaka. Wasimamizi hawamwambii kama yuko mbele au nyuma. Mara nyingi hajui amebakiwa na muda gani. Akitaka kuacha, anatamka tu kwamba anaacha, naye hupandishwa gari bila neno la lawama. Kati ya kila kumi wanaoanza, hufaulu mmoja au wawili.

Kwa hiyo mtihani unapima mtu anafanya nini anapokuwa amechoka, peke yake, na mlango wa kutokea uko wazi. Naona ni kipimo cha haki. Hakijali baba yako ni nani wala ulisoma wapi.

Kutembea tu kunatosha?

Vijana wanaoutaka mlango huo hujiandaa kwa miezi mingi. Wapo wanaochukua njia ndefu za watembea kwa miguu: Offa's Dyke kwenye mpaka wa Wales na England, kilomita 285, Pennine Way, kilomita 431, na kule Marekani, Appalachian Trail, kilomita 3,500 hivi. Hapo ndipo wataalamu wanapogawanyika.

Upande mmoja unasema njia ndefu ni shule isiyo na mfano. Ngozi ya miguu inakomaa. Mtu anajifunza kula huku akitembea, kusoma ramani usiku wa mvua, kupanga maji, na kuamka asubuhi ya tano akiwa na maumivu na bado kuvaa buti. Zaidi ya yote anajizoea mwenyewe. Mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake siku tatu bila simu atapata mshtuko mlimani hata kama mapafu yake ni ya chuma.

Upande wa pili unajibu kwamba mtembezi wa masafa marefu hubeba mzigo mwepesi kadiri awezavyo, huenda kwa mwendo wa kuridhisha nafsi, na baada ya wiki nyingi hupungua mwili, hasa misuli ya mabega na mgongo. Anafika akiwa hodari wa kutembea siku nzima polepole, kumbe anadaiwa kutembea upesi na mzigo. Wanaoshikilia upande huu wanataka vyuma, mbio na mashanta mazito kila siku.

Utafiti hauwapi ushindi kamili wowote kati yao. Joseph Knapik, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanajeshi wa Marekani wanavyobeba mizigo, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba yanayofanya kazi ni mazoezi ya nguvu na ya pumzi yakichanganywa na mwendo wenye mzigo, uzito ukiongezwa hatua kwa hatua. Mwendo wenyewe hauhitaji kuwa wa kila siku. Mara moja kwa wiki au siku kumi hutosha.

Sababu ya kutobeba kila siku iko mifupani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, alieleza ugonjwa wa miguu kuvimba na kuuma kwa askari waliotoka kwenye miendo mirefu. Ilibidi picha za eksirei zije, mwishoni mwa karne ile, ndipo ikaonekana kwamba mifupa ya nyayo ilikuwa na nyufa.

Mfupa unaolemewa haujengeki moja kwa moja. Mwili kwanza huondoa sehemu ya zamani, ndipo unapoweka mpya, na katika wiki zile za mwanzo mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Pumzi huongezeka kwa wiki chache, misuli kwa miezi michache, mfupa huja nyuma ya vyote. Kijana anayejisikia ana nguvu katika wiki ya nne ndiye aliye karibu zaidi kuvunjika. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mashabiki wa mazoezi ya haraka hawapendi kulisikia hilo.

Kisha kuna malengelenge, jambo dogo linalowatoa wanaume wenye vifua vipana. Katika jaribio la mwaka 1998 kwa makadeti wa chuo cha kijeshi cha West Point, dawa ya kuzuia jasho iliyopakwa miguuni kwa siku kadhaa kabla ya mwendo wa kilomita 21 ilipunguza waliopata malengelenge hadi asilimia 21, wakati wale waliopakwa dawa isiyo na kitu walikuwa asilimia 48. Dawa hiyo iliwawasha wengi ngozi, kwa hiyo si ya kila mtu. Lakini inaonyesha jinsi mtihani mkubwa unavyoweza kuamuliwa na kitu kidogo.

Somo kutoka kwa akina mama wa Kenya

Kuna utafiti mmoja ambao kila Mwafrika Mashariki anayezungumzia mizigo anapaswa kuujua. Mwaka 1986 mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso.

Waliona kwamba wanawake hao walibeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia hewa ya oksijeni zaidi ya mtu asiyebeba kitu. Askari mwenye shanta hulipia kila kilo. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza siri yake: mwili wa mama huyo, kwa kuzoea tangu utotoni, hurudisha nguvu ya hatua moja kwenye hatua inayofuata kwa ustadi ambao askari hana.

Watafiti wengine hawakukubaliana moja kwa moja. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini na hawakuona nafuu hiyo kwa wote. Wengine walikuwa nayo, wengine hawakuwa nayo, na maumivu ya shingo yalikuwa ya kawaida. Tusigeuze mateso ya kuteka maji kuwa hadithi ya sifa.

Ila jambo moja linabaki. Ustadi wa kubeba hujengwa kwa miaka, kwa mizigo inayokua pamoja na mwili. Wapagazi wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji walibeba kama kilo 30 kwa zaidi ya kilomita 1,000, na wengi waliianza kazi hiyo wakiwa vijana wadogo, wakifuata baba na wajomba zao. Kijana wa ofisini anayenunua shanta Januari na kutaka kuwa komando Julai anaomba mwili wake ufanye kisichowezekana.

Yule anayejikaza kupita kiasi

Narudi kwenye tundu nililolitaja.

Msuli unapofanya kazi, takriban robo tatu ya nguvu unayotumia hugeuka kuwa joto. Kwa kawaida jasho hulitoa. Mtu anayepanda mlima upesi akiwa na kilo 22 huzalisha joto jingi mno, na shanta lenyewe limeufunika mgongo kama mfuniko juu ya sufuria. Joto la ndani likipita nyuzi 40, ubongo huanza kuyumba. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita kiharusi cha joto.

Ugonjwa huu una tabia ya kutisha: humchukua kwanza mwenye bidii. Mvivu husimama, hukaa, hupona. Aliyejifunza kupuuza maumivu huyapuuza na haya, kisha akili inayopaswa kumwambia asimame ndiyo inayozimika.

> *Sifa inayotafutwa na mchujo ndiyo hiyohiyo inayomziba mtu masikio asisikie mwili wake.*

Tiba inajulikana na si ya gharama. Mgonjwa atumbukizwe kwenye maji baridi mara moja. Akipozwa ndani ya nusu saa ya kwanza, karibu kila mtu hupona. Kinga nayo inajulikana. Mwili huhitaji siku kumi hadi kumi na nne kuzoea joto. Kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na jua kilibuniwa kwa ajili ya makuruti katika miaka ya 1950 nchini Marekani, baada ya wengi kuanguka kwenye kambi za mafunzo. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikuwa na mwongozo wake wenyewe kuhusu joto, umeandikwa na kupigwa chapa.

Baridi hufanya vilevile. Tarehe 19 Julai 1972, katika mji wa pwani wa Mirbat, Dhofar, Oman, Kapteni Mike Kealy aliongoza kikosi cha watu tisa wa SAS, pamoja na Waomani wachache, kuwazuia wapiganaji zaidi ya mia mbili. Alikuwa na umri wa miaka 27 na alitunukiwa nishani ya DSO. Mwanzoni mwa Februari 1979 aliamua kujiunga na mwendo wa mchujo huko Brecon ili kujipima. Akafa kwa baridi mlimani, akiwa na miaka 33.

Huyu hakuwa kuruti asiyejua mipaka yake. Alikuwa shujaa aliyethibitishwa vitani. Kama Kealy hakuweza kujisimamisha, kumtaka kijana wa miaka 24 ajisimamishe mwenyewe ni kumwonea.

Nani alaumiwe

Mwaka 2015 mchunguzi wa vifo, Louise Hunt, alisikiliza ushahidi wa vifo vya Brecon na kuhitimisha kwamba kupuuzwa kwa wajibu wa kuwatunza kulichangia vifo vya wote watatu. Waliopanga zoezi hawakuufuata mwongozo wa joto wa wizara yao wenyewe. Washiriki wawili walikuwa wamekwishaondolewa kwa sababu ya joto mapema mchana. Kwa mujibu wa mwongozo, hapo ndipo zoezi lilipopaswa kusimama. Liliendelea.

Jambo lingine lililojitokeza ni la wanajeshi wa akiba. Walipimwa pamoja na wa kudumu, kwa mlima uleule na muda uleule, ilhali wao hawakuwa na wiki za maandalizi ya pamoja kama wenzao. Hapa naona dhuluma isiyohitaji mwanasheria kuieleza.

Mamlaka ya Afya na Usalama Kazini ilitoa karipio rasmi kwa wizara mwaka 2016. Haikuweza kufanya zaidi, kwa kuwa taasisi ya Serikali haishtakiwi kwa makosa hayo. Kampuni ya ujenzi ingefikishwa kizimbani. Mwaka 2018 wanajeshi wawili waliohusika na zoezi walishtakiwa kwa uzembe mbele ya mahakama ya kijeshi. Jaji aliona kesi haijasimama, wakaachiwa.

Katikati ya hayo, Kamati ya Ulinzi ya Bunge ilitoa ripoti, Aprili 2016. Ilisema wanajeshi 135 wamefariki katika mafunzo na mazoezi tangu mwaka 2000. Ilitaka pia iondolewe kinga iliyomo katika sheria ya mwaka 2007 ya mauaji ya taasisi, sheria isiyogusa mafunzo ya hatari wala shughuli za vikosi maalumu.

Miezi mitatu baadaye, Julai 2016, Koplo Joshua Hoole, mwenye umri wa miaka 26, alianguka na kufariki katika jaribio la kawaida la mwaka la mwendo na mzigo. Mahali palikuwa Brecon. Siku ilikuwa ya joto.

Hoja ya wakongwe

Wapo makomando wastaafu wanaoogopa kwamba kila ripoti ya namna hii italegeza mtihani. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema adui hatapima joto kabla ya kushambulia, na kwamba anayepitishwa kwa huruma Wales atazikwa kwingine na pengine atazikwa pamoja na wenzake. Wakitaja Falklands na Iraq, hakuna wa kuwabishia.

Ila wanachanganya mambo mawili. Ugumu wa mtihani ni umbali, uzito, upweke na saa. Kupima joto asubuhi, kufuatilia alama iliyotulia kwenye skrini, kuweka maji baridi na daktari pale mlimani, hakupunguzi kilo moja wala kilomita moja. Anayeshindwa atashindwa vilevile. Atakayeanguka atarudi nyumbani.

Vitani kamanda huhatarisha watu kwa sababu kuna kitu cha kupata. Mlimani Julai ile hakukuwa na kitu ambacho kisingengoja hadi Jumatatu.

Kwa nini hili linatuhusu

Wakenya wengi waliijua SAS kwa sura Januari 2019, siku magaidi walipoivamia hoteli ya DusitD2 mtaa wa Riverside, Nairobi, na kuua watu 21. Miongoni mwa walioingia ndani pamoja na vikosi vya Kenya alikuwa mwanamume mmoja aliyevaa jinzi na kufunika uso, askari wa kikosi maalumu cha Uingereza aliyekuwa nchini. Picha zake zilisambaa kila mahali. Kijana aliyezitazama aliona ushujaa. Hakuziona zile wiki za tope zilizotangulia.

Uhusiano wetu na jeshi hilo ni wa karibu kuliko picha moja. Lina kituo cha mafunzo Nanyuki. Hupokea pia raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Kenya na Uganda na Tanzania zikiwamo, na Novemba 2018 liliondoa sharti la kuishi Uingereza miaka mitano kabla ya kujiunga. Aliyeshika mzinga peke yake pale Mirbat akiwa amejeruhiwa, akapigana hadi akafa, alikuwa Talaiasi Labalaba, mwana wa Fiji. Tangu mwaka 2018 milango yote ya jeshi hilo, ikiwamo ya vikosi maalumu, iko wazi kwa wanawake pia.

Kwa hiyo wapo vijana wetu watakaofika Wales. Kijana wa Eldoret ataingia na mapafu ya nyanda za juu, lakini hayo hayamkingi na joto. Wa Mombasa atadhani jua la Wales ni mzaha. Kumbe mwili husahau joto ndani ya mwezi mmoja hivi wa kuishi kwenye baridi, na itabidi auzoeze upya kama mtu mwingine yeyote.

Ushauri wangu kwao ni wa mtu anayewatakia warudi. Anza mwaka mmoja kabla. Tembea sana bila mzigo, kisha na mzigo mdogo, na uongeze kidogo kidogo. Beba mara moja kwa wiki, jenga nguvu siku nyingine, na siku ya kupumzika pumzika kweli. Jifunze ramani na dira hadi uweze kuzitumia ukiwa umechoka na mvua inanyesha. Mfupa wa muundi ukianza kuuma mahali pamoja palepale kila siku, usijikaze kisabuni: mwone daktari.

Na matembezi marefu uyafanye, kwa sababu moja ambayo vitabu vya mazoezi huisahau. Siku ya nne au ya tano njiani, hakuna anayekupigia saa. Unaweza kusimama kando ya kijito, ukavua buti, ukajiuliza kama kizunguzungu hiki ni cha njaa, cha kiu au cha joto, na ukapata jibu. Ujuzi huo haupatikani mbele ya mtahini, na ndio unaoweza kumwambia mtu mapema kwamba leo kuna kitu hakiko sawa.

Lakini sitaki mzigo wote uwe juu ya kijana. Mchujo huu hufanyika mara mbili kwa mwaka, kipindi cha baridi na cha joto. Bunge limekwisha kuambiwa na kamati yake lifanye nini kuhusu ile kinga ya kisheria, na naungana na kamati hiyo: iondolewe. Wanajeshi wa akiba wapewe siku zao za kuzoea kabla ya kupimwa kwa muda uleule wa wenzao. Na kila anayepanga foleni Storey Arms aambiwe waziwazi, kabla hajavaa shanta, ni ofisa gani aliye na mamlaka ya kulisimamisha zoezi siku hiyo, na kwa kipimo gani atalisimamisha.